Mama Bénédicte Mave, Aliyewafundisha Watoto Kulala kwa Kiitaliano

Siku ya Ijumaa, tarehe 28 Julai 2017, Mama Bénédicte Mave atavua aproni yake ya buluu kwa mara ya mwisho katika Kituo cha Watoto Neema, hapa Nyakasanza, mjini Bunia, baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitano kazini. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1983 kuwa mfuaji wa nguo. Barua yake ya kustaafu inasema hivyo hivyo: mfuaji wa nguo. Mimi ninayeandika, Augustin Ngona, katibu wa kituo, nimelitunza faili lake kwa miaka kumi na saba, na naweza kuapa kwamba hakuna karatasi hata moja ndani yake inayosema mwanamke huyu ni mwalimu wa Kiitaliano. Ndiyo maana naandika.

Wafanyakazi wapya humwona akipita na karai kichwani, mfupi, mwepesi wa miguu, na hudhani ana haraka. Hana haraka. Ndivyo anavyotembea. Anaishi Saio, na kwa miaka yote hiyo amefika kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa miguu, kabla mlinzi hajamaliza chai yake. Mwaka 1998 kituo kilipata mashine ya kufulia. Mama Bénédicte aliketi mbele yake kwenye kigoda, akaitazama ikizunguka mpaka mwisho, akatoa mashuka, akayanusa, kisha akayarudisha kwenye karai na kuyafua upya kwa mkono. Mashine ile iliharibika wakati wa vita. Hakuna aliyemsikia akiisikitikia.

Wengi huuliza Kiitaliano alikisomea wapi. Hakukisomea popote. Kituo chetu kilianzishwa na masista kutoka Italia, na mmoja wao, Suora Agnese, alikuwa muuguzi mkali aliyeishi Ituri tangu ujana wake. Mwaka 1989 alipigwa na kiharusi. Alipozinduka, Kifaransa chake kilikuwa kimepotea, na Kiswahili pia. Alichobakiwa nacho ni lugha ya nyumbani kwa mama yake tu. Masista wenzake walikuwa na wagonjwa wengi, basi wakamwomba yule mfuaji wa nguo amwangalie kwa juma moja. Juma hilo lilichukua miaka mitano, hadi Suora Agnese alipofariki mwaka 1994.

Mama Bénédicte alimwamsha, alimwosha, alimvika, alimlisha, alimlaza. Na Suora Agnese, kila tendo la siku alilitaja kwa sauti kabla halijafanyika, kama mtu anayeogopa kwamba akinyamaza, neno nalo litamwacha. Mi sveglio, naamka. Mi alzo, nainuka. Mi lavo, najiosha. Mi vesto, najivika. Jioni ilipofika, mi sdraio, najilaza. Na kabla ya kufumba macho aliisimulia siku yake yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, akamalizia na adesso ho sonno, sasa nina usingizi.

"Mwezi wa kwanza nilizania ananituma kuleta kitu," Mama Bénédicte aliniambia. "Nikileta kikombe, anakataa. Nikileta kitambaa, anakataa. Kisha nikasikia: ile 'mi' yabo iko 'ji' yetu. Kujiosha, kujivika, kujilaza. Ni mutu kujifanyia yee mwenyewe. Suora alikuwa hawezi tena kujifanyia kitu, lakini mu mudomo alikuwa angali anajifanyia byote."

Nimesoma shule, nina diploma, na sijawahi kusikia sarufi ikielezwa hivyo.

Kwa hiyo Kiitaliano chake ni cha namna ya pekee. Hajui neno la soko, wala la serikali, wala la gari. Anajua yote yaliyopo kati ya kuamka na kulala, na hajui zaidi. Wakati fulani alikuja fundi Mwitaliano kutengeneza pampu ya kisima. Aliposikia kwamba kuna mama anayejua lugha yake, alifurahi, akamweleza habari za pampu kwa muda wa saa nzima. Mama Bénédicte alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza, kisha akamwuliza kama amelala vizuri na kama ameosha uso. Fundi yule alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akaenda kuosha uso.

Mwezi wa Mei 2003, mji ulipowaka kwa vita, masista walichukuliwa kupelekwa uwanja wa ndege, na wengi wetu tulikimbia. Mimi nilikimbia. Mama Bénédicte alibaki katika chumba cha kufulia na watoto tisa ambao hakuna mtu aliyekuja kuwachukua. Niliporudi baada ya siku kumi na mbili niliwakuta wote tisa wamenawa, wamechana nywele, wameketi mstari mmoja wakingoja uji. Nilimwuliza aliwezaje. Alisema kwamba asubuhi ni asubuhi, na mtoto anaoshwa. Hakuniambia zaidi, na sikuwa na uso wa kuuliza tena.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Amani iliporudi, ile amani tunayoijua, ya magari meupe ya Umoja wa Mataifa barabarani na watu kuangalia kwanza nani amekaa kwenye benchi ndipo nao wakae, kituo kilipata marafiki huko Italia waliokubali kuwapokea watoto wenye ugonjwa wa moyo ili wapasuliwe. Mtoto huondoka bila mzazi. Hukaa miezi mitatu au minne katika familia inayojitolea, hupelekwa hospitali, hupona, hurudi. Wa kwanza alikuwa Rachidi, mwenye miaka saba, aliyeondoka mwezi wa Juni 2007.

Alirudi na kovu kifuani na mashavu yaliyojaa, na sote tulishangilia. Lakini ripoti ya madaktari, niliyoitafsiri kwa shida na kamusi, ilisema jambo la ajabu. Kwa majuma matatu mtoto alikataa kulala. Aliketi kitandani usiku kucha, mgongo umenyooka. Madaktari waliona moyo wake umedhoofu kiasi kwamba akijilaza anakosa pumzi, maana ugonjwa huo huleta hivyo, basi wakamwongezea dawa na kuahirisha upasuaji mara mbili. Mama Bénédicte alinisikia nikiisoma kwa sauti. Alienda moja kwa moja kumtafuta Rachidi, aliyekuwa akicheza katikati ya kamba za kuanikia.

"Rachidi, kule sababu ya nini ulikuwa haulale? Ulikuwa unakosa pumuzi?"

"Hapana, Mama. Balikuwa bananiweka ku kitanda jua ingali inawaka. Nikasema, hawa batu banataka kunifungia." Mtoto alishika shuka lililokuwa likining'inia. "Tena mama anasemaka kila magaribi: lala muzuri. Kule hakuna mutu alisema ile. Ao pengine balisema, miye sikusikia. Nikangoja."

Huko Italia, mwezi wa Juni jua huchelewa sana kuzama. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mama Bénédicte alikuja ofisini kwangu na mikono bado ina povu. "Augustin, ule mutoto hakukosa pumuzi. Alikosa maneno kumi tu. Nipe nafasi nifundishe benye kuenda."

Nilimjibu jambo ambalo nitaliandika hapa ili lisomwe mbele ya watu wote, maana nimelibeba kwa miaka kumi. Nilisema: "Mama Béné, Kiitaliano iko kazi ya baprofesa. Weye ni wa madra."

Madra ni mashuka, kwa msiojua Kiswahili cha kwetu. Aliniangalia bila hasira. "Ni kweli," alisema. "Na batoto banalalaka juu ya nini, kama haiko madra?"

Daktari Xavier, mkurugenzi wetu, alisikia kupitia mlango uliokuwa wazi. Alitoka na kikombe chake mkononi.

"Mama, utaanza siku gani?"

"Leo, Docteur. Madra inakauka. Nafasi iko."

Darasa lilikuwa chumba cha kufulia, saa nane mchana, watoto wamekalia mafurushi ya nguo. Hakuna ubao wala daftari. Palikuwa na karai, mswaki, pijama zilizoshonwa kutoka mashuka yaliyochakaa, na meza ndefu ya kupigia pasi, ambayo ndiyo kitanda, kwa sababu vitanda vya huko viko juu na mtoto lazima azoee. Dirisha aliliacha wazi makusudi, mwanga uingie. "Kule jua inachelewaka kurudi kwayo," aliwaambia. "Usiingoje. Weye lala, itajua njia." Mtoto aliamka, akanawa, akavaa, akala, akavua, akajilaza, na kila tendo alilitaja. Jioni ya darasani, yaani saa tisa alasiri, kila mmoja alisimulia siku yake kama alivyofanya Suora Agnese.

Lakini kulikuwa na sentensi tatu ambazo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kupanda ndege bila kuzijua na kuzitofautisha. Ya kwanza, non ho sonno, sina usingizi. Ya pili, ho paura, ninaogopa. Ya tatu, quando mi sdraio, non respiro, nikijilaza sipumui. Aliwauliza ghafla, wakiwa wanakula, wakiwa wanacheza. Alimlaza mtoto mezani na kumwuliza ni ipi, na mtoto alipojibu haraka haraka ili aende kucheza, alimwambia ajisikilize kifuani kwanza, kisha aseme.

Wazazi nao walilazimika kuja. Hilo ndilo lililoleta mambo ya mwaka 2011.

Mwaka huo walikuwa wawili wa kuondoka pamoja: Jemima, mwenye miaka minane, mtoto wa Mama Faida wa hapa Nyakasanza, na Christian, mwenye miaka tisa, mtoto wa Mama Immaculée wa Bigo. Mama hao wawili walitoka pande mbili zilizopigana. Kila mmoja alikuwa amezika watu wake, na kila mmoja alijua, au alidhani anajua, waliouawa waliuawa na nani. Siku ya kwanza walikaa mmoja mlangoni na mwingine dirishani. Hawakusalimiana. Watoto wao tayari walikuwa wanagombania mswaki na kucheka.

Siku hiyo nilikuwa nimeleta fomu za kutia sahihi. Nilisimama mlangoni, nikasahau fomu.

"Leo Mama Faida atalalisha Christian," alisema Mama Bénédicte. "Na Mama Immaculée atalalisha Jemima."

Mama Immaculée alisimama. "Mutoto yangu hataguswa na ule mama."

"Sikusema amuguse. Nimesema amuambie buonanotte, lala muzuri." Mama Bénédicte aliendelea kukunja foronya. "Kule mutoto yako atalalishwa na mutu haumujue, wala baba yake, wala kwao. Kama hauwezi kuona ile hapa, mbele ya macho yako, utaweza kukala na ile namna gani miezi tatu?"

Mama Faida ndiye aliyeinuka kwanza. Alimfunika Christian shuka hadi kidevuni, na nilimwona akijitahidi asimguse kweli. "Buonanotte, Christian," alisema kwa sauti ndogo.

"Buonanotte, signora!" mtoto alijibu kwa nguvu zote, kama askari kwenye gwaride, na Jemima akaangua kicheko. Ndipo Mama Immaculée, bila kumtazama mtu, akaja mezani zamu yake ilipofika.

Walifanya hivyo kila siku ya darasa, mara kumi na moja. Sitasema walikuwa marafiki. Katika ile lugha hakuna aliyeweza kusikia mwenzake ametoka upande gani, na kwa saa moja mchana hilo lilitosha.

Watoto waliondoka Septemba. Siku ya nane simu ya ofisi iliita. Alikuwa Signora Loredana, mama wa familia iliyowapokea, naye hakujua Kifaransa. Tuliweka sauti ya wazi na kumwita Mama Bénédicte, na Mama Faida, aliyekuwa uani akingoja habari, aliingia nyuma yake. Signora alisema kwamba jana, wakati wa kulala, Jemima alikuwa analia. Watoto wote hulia siku za kwanza, basi yeye alimbembeleza, akataka kuzima taa. Mtoto alimshika mkono. Alitulia kidogo kama anayesikiliza kitu, kisha akasema maneno yake polepole, kila neno peke yake. Signora hakungoja kukuche. Hospitali, kama ripoti ilivyotueleza baadaye, ilikuta mapafu yamejaa maji. Madaktari walisema kama mtoto angeachwa alale hivyo mpaka asubuhi, asingeamka tena.

Mama Bénédicte alisikiliza yote, kisha akamgeukia Mama Faida. "Mutoto yako alisema," alimwambia. "Alisema ya tatu."

Mama Faida aliketi sakafuni palepale, akaziba mdomo kwa kitenge. Siku nne baadaye Jemima alipasuliwa, na alipona.

Christian alipasuliwa wiki iliyofuata, na kwa siku chache habari zake zilikuwa nzuri. Kisha damu yake iliingiliwa na maambukizi. Simu ilipoita tena ilikuwa saa nne asubuhi, na kwa jinsi Signora Loredana alivyotaja jina la Mama Bénédicte, hata mimi nisiyejua lugha nilielewa. Mtoto alikuwa amefariki alfajiri. Signora alikuwa naye. Mama Bénédicte alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akauliza swali moja tu, la maneno mawili: "Ha dormito?" Alilala?

Ndiyo, alilala. Na Signora alieleza jioni ile ilivyokuwa.

Kabla ya saa sita habari zilikuwa zimefika Bigo, na maneno mabaya yalitangulia: kwamba mtoto wa hawa ameponywa na mtoto wa wale ameachwa afe. Vijana walianza kusimama barabarani kwa makundi. Daktari Xavier alitaka tungoje chifu wa mtaa. Mama Bénédicte alivua aproni, akaitundika, akatoka. Getini alimkuta Mama Faida amejifunga kitenge cha msiba.

"Weye ubaki," alimwambia. "Leo hautapita kule."

"Nilimulalisha mara kumi na moja," alijibu Mama Faida. "Nitaenda."

Nilikwenda nao. Nasema kweli, nilikwenda kwa sababu niliona aibu kumwacha Mama Bénédicte mara ya pili. Tulipofika Bigo njia ilifunguka kwa shida, na mtu mmoja alisema kwa sauti, "Huyu anatafuta nini hapa?" Mama Bénédicte hakugeuka. Aliingia, akaketi chini kwenye mkeka mbele ya Mama Immaculée, na Mama Faida akasimama karibu na mlango, peke yake, macho yote juu yake.

Mama Immaculée hakulia. Aliuliza, "Alikufa yee peke yake?"

"Hapana. Alikuwa na mama moja pembeni yake, anamushika mukono. Alimusimulia siku yake yote." Na Mama Bénédicte akayasema maneno ya Christian, jinsi yalivyosemwa: "Oggi mi sono svegliata." Leo nimeamka.

Mama Immaculée aliyajua maneno hayo. Alikuwa ameyasikia mara kumi na moja. Aliyarudia. "Mi sono lavata," akasema Mama Bénédicte, nimejiosha. Akarudia. "Ho mangiato poco. Adesso ho sonno." Nimekula kidogo, sasa nina usingizi. Akarudia, sauti ikizidi kuwa ndogo. Likabaki neno la mwisho, lile ambalo mama humjibu mtoto; alifungua mdomo, na sauti haikutoka. Ndipo kutoka mlangoni tukamsikia Mama Faida akisema, kama alivyosema mezani pale, "Buonanotte, Christian."

Mama Immaculée akasogea kidogo kwenye mkeka. "Ikala hapa," alimwambia.

Mama Faida akakaa. Nilitoka nje kuvuta pumzi. Nilikuta barabara bado ina vijana, lakini walikuwa wanaondoka, mmoja mmoja, bila kuambiana kitu. Siku hiyo hakuna jiwe lililorushwa Bunia. Hakuna ripoti iliyoandikwa kuhusu hilo, kwa sababu kisichotokea hakiandikwi.

Watu wanaomheshimu Mama Bénédicte kwa sababu ya siku ile hawajui kilichofuata. Alifunga darasa. Kwa zaidi ya miezi mitatu alifua nguo tu, na nilipomwuliza alisema hana maneno tena. Mwezi wa Februari walifika watoto wapya wawili, na hakuwaangalia. Asubuhi moja Mama Immaculée aliingia katika chumba cha kufulia bila kuitwa. Aliuliza, "Batoto ba sasa beko wapi?" Alikalia furushi, akavua viatu, akasema kwamba mtu fulani lazima awe signora, yule mama wa huko anayemlaza mtoto, na kwamba yeye kazi hiyo anaijua.

Darasa lilianza tena saa nane mchana wa siku hiyo hiyo.

Lazima niseme kitu kimoja cha kuchekesha, kwa sababu Mama Bénédicte ameniomba nisiandike mambo ya kuliza tu. Mwaka 2013 alikuja hapa binti wa kujitolea kutoka Italia, Adele, akahudhuria darasa, akageuka mwekundu kwa kujizuia kucheka. Ilionekana kwamba kwa Kiitaliano mwanamume hasemi mi sono svegliata. Anasema mi sono svegliato. Lakini Mama Bénédicte alikuwa amejifunza kwa Suora Agnese, mwanamke, na kwa miaka sita wavulana wetu wote walikuwa wamekwenda Italia kuzungumza kama mabinti. Hakuna familia iliyokuwa imewasahihisha. Mama Bénédicte alisema, "Kumbe!" na siku hiyo hiyo wavulana wakaanza upya. Mama Immaculée peke yake alikataa. Alisema wengine waseme wanavyotaka, ila ya Christian ibaki kama alivyoisema.

Tangu mwaka ule wa Rachidi hadi leo, watoto thelathini na mmoja wamepita mezani pale. Wawili hawakurudi. Jemima ana miaka kumi na minne sasa na yuko sekondari. Anakimbia kushinda ndugu zake. Rachidi ana miaka kumi na saba na, mama yake anasema, usingizi wake ni mzito hata kwa kengele haamki. Mama Bénédicte anawakumbuka wote kwa jina na kwa namna walivyojilaza: nani kwa ubavu, nani kifudifudi, nani na kidole mdomoni. Hajawahi kupanda ndege. Hajawahi kuiona Italia. Alipoulizwa kama anatamani, alijibu kwamba angetamani kuona vile vitanda.

Kuanzia Jumatatu tarehe 31 Julai, darasa la saa nane mchana litashikwa na Mama Immaculée. Watoto wawili wataondoka mwezi wa Agosti, na mmoja wao ametoka njia ya Djugu, barabara ikiwa imefungwa mara mbili kabla hajafika. Safari hii barua yake ya kazi nimeiandika mwenyewe, na Daktari Xavier ametia sahihi. Mahali pa cheo panasema: mwalimu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kituo Neema, Mama Bénédicte, aksanti. Aksanti kwa mashuka yaliyonukia jua. Aksanti kwa watoto tisa wa mwezi wa Mei. Aksanti kwa kwenda Bigo kwa miguu. Mimi niliyekuambia wewe ni wa madra, naomba unisamehe mbele ya hawa wote.

Nilitaka kumalizia kwa Kiitaliano, kwa heshima yake. Nilitafuta katika kamusi jinsi ya kumuaga mtu anayeondoka, nikaandika neno nililolikuta, Addio, na Jumanne nikampelekea karatasi hii ili ahakikishe tarehe. Alisomewa mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Hii neno siijue. Suora hakunifundishaka ile."

"Ni ya kuagana, Mama. Mutu akienda kabisa."

Alifikiri. Nilimwona akipita siku nzima ndani ya kichwa chake, tangu kuamka mpaka kulala, akitafuta mahali neno hilo linapokaa, na hakupaona. "Weka a domani," alisema mwishowe. "Ni 'mpaka kesho'. Ndiyo tulikuwa tunasema nikifunga mulango yake."

"Lakini Mama, sherehe ni Ijumaa. Kesho yake hautakuja."

"Kesho yake ni Jumamosi," alisema, akainua karai lake. "Hata weye hautakuja."

Basi, Mama Bénédicte, tunakuombea asubuhi nyingi zisizo na haraka, nyumba yenye kicheko kule Saio, na usingizi mwema kila jua linapokwenda kwake. A domani.